Kutoa seti ya jukwaani kama katuni: jibu kwa mchekeshaji wa Nairobi

Swali: "Mimi ni mchekeshaji hapa Nairobi. Nina seti ya dakika saba kuhusu konda wa matatu ya Rongai anayekataa kurudisha chenji ya finje (shilingi hamsini), na watu huicheka kila ninapoipeleka jukwaani. Nataka kuitoa kama katuni, halafu baadaye nitengeneze filamu fupi ya waigizaji. Nina laki mbili, kompyuta ya kawaida na rafiki anayejua kuchora. Nianzie wapi, na kazi kama hii huharibikia wapi?"

Jibu: Anzia kwenye sauti. Rafiki yako asichore hata sura moja ya kudumu kabla sauti haijarekodiwa, ikakatwa, ikasikilizwa na watu wasioijua seti yako na mkakubaliana kwamba imefika. Kuondoa sentensi moja kwenye sauti ni kazi ya dakika kumi. Kuondoa sentensi hiyo hiyo baada ya kuchorwa ni kutupa kazi ya siku nzima, na huyo rafiki atakubali mara ya kwanza tu. Miradi mingi ya wachekeshaji hufia hapo: seti inaendelea kubadilika jukwaani huku mchoraji akikimbizana nayo.

Njia hii imejaribiwa zamani. Mwaka 1995 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Dr. Katz, katuni ambamo wachekeshaji walikaa kwenye kochi la daktari na kusema vichekesho vyao vya jukwaani. Sauti ilitangulia, michoro ikafuata. Watu kwa kawaida hawakutembea wala kukimbia. Mistari ya michoro ilitetemeka tu, kwa kuzungusha nakala chache za mchoro uleule zilizotofautiana kidogo. Watazamaji waliendelea kuitazama, kwa sababu kilichowashika kilikuwa sauti ya mtu anayejua anachosema. Na hapa kwetu, wachekeshaji wa Kikuyu kama Machang'i na Kihenjo walijenga wateja wao kupitia VCD za River Road wakitumia vifaa duni kuliko ulivyo navyo leo. Nguvu ya mchekeshaji ni sauti na mwendo wake, kwa hiyo pesa zako zilinde vitu hivyo viwili kwanza.

Sasa punguza dakika saba ziwe tatu. Chukua rekodi ya shoo yoyote uliyofanya, hata ya simu, na kila panapochekwa andika kilichochekesha: ni neno, ni sura yako, au ni mazungumzo yako na hadhira? Vicheko vya hadhira ("wangapi hapa mmetoka Rongai?") vitoe vyote, havivuki kwenda kwenye filamu. Vya sura mpe mchoraji, na maneno yaliyovizunguka yafute. Vya maneno ndivyo vinavyobaki. Seti ya dakika saba ikipita kwenye chujio hilo hubaki dakika tatu na kitu, na huo ndio urefu unaoweza kuumaliza kwa laki mbili.

Hesabu yenyewe ni hii. Dakika tatu ni sekunde 180, na kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde ni fremu 4,320. Ukichora kwa mkono na kushikilia kila mchoro fremu mbili, kama ilivyo desturi, unahitaji michoro 2,160. Mchoraji mzuri akifanya peke yake hutoa sekunde tatu au nne kwa siku, yaani siku 45 hadi 60 za kazi bila kupumzika. Lakini katuni ya vipande, ambapo kichwa, mikono na kiwiliwili vimechorwa mbalimbali na kuunganishwa kwa viungo, inaweza kutoa sekunde 12 hadi 15 kwa siku mara wahusika wakishajengwa. Hapo kazi inashuka hadi siku 12 au 15. Chagua vipande. OpenToonz na Blender zote mbili ni za bure na zinafanya kazi hiyo, ila kama kompyuta ina RAM ya GB 8 au chini, usumbufu wa OpenToonz utakuwa mdogo kuliko wa Blender.

Kurekodi sauti

Usitumie sauti ya shoo. Kwanza, rekodi iliyofanywa na ukumbi au televisheni huenda ni mali yao hata kama vichekesho ni vyako. Pili, sauti ya jukwaani imeelekezwa kwa watu mia mbili, na katuni inasikilizwa na mtu mmoja mwenye vifaa masikioni. Inasikika kama unamfokea.

Rekodi upya nyumbani, usiku, baada ya saa tano magari yakishapungua. Zima friji. Simama katikati ya chumba chenye kitanda na nguo nyingi, tundika blanketi mbili nzito nyuma yako na moja mbele, nyuma ya maikrofoni. Godoro lililosimamishwa ukutani husaidia kuliko sponji nyembamba zinazouzwa kama za studio. Umbali kati ya mdomo na maikrofoni uwe sentimita 15 hadi 20, na uielekeze pembeni kidogo ya mdomo ili herufi "p" na "b" zisipige. Weka 48 kHz, biti 24, na kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri hata unapopayuka. Rekodi pia dakika moja ya chumba kikiwa kimya; mhariri ataihitaji kuziba mapengo.

Fanya mapito matatu: moja kama jukwaani, moja kama unamsimulia mtu mmoja aliyeketi mbele yako, na moja kwa haraka bila kusimama popote. Mara nyingi hadithi yenyewe hutoka kwenye pito la pili na sauti ya konda hutoka kwenye la kwanza. La tatu ni akiba ya maneno ya kuunganishia.

Kisha panga vituo, na hapa ndipo sikio lako linahitajika kuliko la mtu mwingine. Jukwaani unasubiri kicheko sekunde tatu au nne. Kwenye katuni hakuna wa kucheka, na pengo hilo linageuka ukimya wa aibu. Likate hadi nusu sekunde au sekunde moja, fremu 12 hadi 24, na mchoraji aweke ndani yake jambo dogo: abiria anapepesa macho, konda anahesabu noti upya. Kwenye vile vicheko viwili vikubwa kabisa fanya kinyume. Acha karibu sekunde mbili za tendo lisilo na neno, kwa sababu siku filamu itakapoonyeshwa ukumbini watu watacheka kweli, na kicheko chao kitameza sentensi inayofuata.

Michoro ya mpango

Sauti ikishakatwa, mchoraji achore picha za penseli, mbaya tu, kati ya 40 na 60, kisha mzipange juu ya sauti kwenye DaVinci Resolve ya bure, programu ya kuhariri video. Hiyo ni animatiki. Waonyeshe watu watano wasioijua seti, nawe kaa kimya. Wasipocheka mahali, tatizo ni la mpangilio, na rangi nzuri hazitaliponya baadaye.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuchora kilekile kinachosemwa. Sauti ikisema "konda akanikodolea macho", na picha ikawa konda anakodoa macho, mtazamaji amepewa habari moja mara mbili, na kichekesho kimekufa. Onyesha kile ambacho sauti haijasema: mama wa siti ya nyuma anafunga pochi yake polepole, mwanafunzi anageukia dirisha, dereva anapandisha muziki. Kwenye mstari wenye kichekesho cha neno, picha itulie kabisa. Kichekesho kikiwa kwenye picha, wewe nyamaza.

Midomo

Hapa Kiswahili kinakupendelea. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ni tano, kwa hiyo midomo minane inatosha: ya a, e, i, o, u, mmoja uliofungwa kwa m, b na p, mmoja wa meno juu ya mdomo kwa f na v, na mmoja wa kupumzika. Ukiongea kwa kasi ya silabi sita kwa sekunde, kila silabi inapata fremu nne. Usijaribu kuonyesha kila kitu. Mdomo uliofungwa ndio usioruhusiwa kukosekana: neno kama "mbona" au "mpe" likitamkwa huku mdomo uko wazi, hata mtoto ataona kuna kasoro. Sogeza mdomo fremu moja au mbili kabla ya sauti, na hakuna umbo likae chini ya fremu mbili.

Kuna programu ya bure, Rhubarb Lip Sync, inayopanga midomo yenyewe. Kitambuzi chake cha kawaida kimetengenezwa kwa Kiingereza na kitakuharibia. Chagua kile cha kifonetiki, kinachofuata sauti bila kujali lugha, kisha rekebisha kwa mkono sehemu za Sheng na pale unapochanganya lugha, kwa kuwa hapo maneno huishia kwa konsonanti.

Matatu yenyewe

Nganya ya Rongai, yaani matatu iliyopambwa, ni mtihani wa mchoraji kwa sababu ya michoro na taa zake. Usiionyeshe kutoka nje zaidi ya mara tatu. Ichoreni mara moja kama picha moja kubwa, pikseli 3,840 kwa upana ingawa filamu ni ya 1,920, ili kamera iweze kuisogelea bila picha kuchakaa. Mambo mengine yote yatokee ndani: safu mbili za viti, mlango, dirisha moja refu.

Nje ya dirisha weka ukanda wa mandhari unaopita na kujirudia. Ukanda wa upana wa skrini tatu, pikseli 5,760, uwe na vitu visivyo na jina tu: miti, ukuta, nguzo za umeme, kibanda. Kitu kinachojulikana kisiwe ndani ya mzunguko. Mtazamaji wa Nairobi akiona Uwanja wa Nyayo ukipita mara mbili ataacha kusikiliza kichekesho na kuanza kukosoa njia. Alama za Lang'ata Road ziwekwe kama picha za pekee, kila moja ipite mara moja na kwa mpangilio wake kutoka mjini: Nyayo, Wilson, Uhuru Gardens, Bomas, kisha Magadi Road. Ukizitumia vizuri zinakupa saa ya bure, maana mtazamaji anajua konda ameshikilia ile hamsini kwa umbali gani.

Angalieni pia kugeuza picha. Wachoraji huokoa muda kwa kugeuza mchoro wa kulia uwe wa kushoto. Kwa sura ya mtu ni sawa; kwa matatu, mlango unahamia upande wa barabara, usukani unahamia kushoto na maandishi yanasomeka kinyumenyume. Halafu buni jina la sacco (chama cha wenye matatu) na michoro ya gari ninyi wenyewe. Jina halisi linaweza kukuletea barua ya wakili, na michoro ya nganya ina mchoraji wake mwenye haki.

Kutoa picha za mwisho

Usitoe filamu moja kwa moja kama video. Toa kila fremu kama faili la picha la PNG, kisha uziunganishe. Stima ikipotea katikati ya video, faili lote limeharibika. Ikipotea katikati ya PNG, unaendelea kutoka fremu ya mwisho iliyokamilika. Kompyuta inayotumia sekunde 6 kwa fremu itamaliza fremu 4,320 kwa saa saba na dakika chache. Ikitumia sekunde 30, ni saa 36, kwa hiyo pima fremu kumi kabla ya kumwahidi mtu tarehe. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya nyumba mnayofanyia kazi.

Pesa na haki

Laki mbili ningezigawa hivi: elfu 90 kwa kazi ya kuhuisha michoro, elfu 30 kwa kubuni wahusika na mandhari, elfu 40 kwa kurekodi, kukata na kuchanganya sauti, elfu 15 kwa muziki wa kutungiwa, elfu 10 kwa ada za vibali na matamasha, na elfu 15 zisiguswe mpaka wiki ya mwisho. Mtu atakayeona elfu 40 za sauti ni nyingi bado anafikiria katuni ni picha.

Mlipe rafiki kwa hatua: sehemu ya tatu mkianza, nyingine animatiki ikikubaliwa, ya mwisho akikabidhi faili zote za kazi, si video peke yake. Andikeni idadi ya marekebisho. Mawili kwa kila hatua yanatosha. Na andikeni nani anamiliki nini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huchukulia kwamba kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa makubaliano yaseme vinginevyo. Lakini kama rafiki anakuja kama mshirika wa faida na si fundi aliyelipwa, hujaagiza kitu, na mkikosana baadaye kila mmoja atadai wahusika ni wake. Kuhamisha hakimiliki kunahitaji maandishi na saini ya anayehamisha. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hautoshi. Kusajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, si sharti la kuwa na haki, ila kunakupa ushahidi.

Muziki: usiweke wimbo unaopigwa kwenye matatu, hata sekunde tano. Unahitaji ruhusa mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na leseni ya ukumbi ya kupiga muziki haihusiani na kuuweka kwenye filamu. Mtafute mtayarishaji akutungie midundo miwili yenye ladha ya nganya, na muandikiane.

Kabla ya kuonyesha hadharani, katuni nayo ni filamu mbele ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Inapelekwa kwa Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ipewe daraja: GE (ya watu wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 au 18. Kama konda wako anatukana jinsi makonda wanavyotukana, usishangae kupewa 16, na alama hiyo ionekane wazi mwanzoni. Wazazi wengi wakiona katuni humwachia mtoto simu.

Filamu ya waigizaji

Isubiri katuni iishe. Katuni ya dakika tatu ndiyo itakayomshawishi mwenye kamera kufanya nawe kazi kwa bei ya chini. Wakati huo ukifika, usipige picha kwenye matatu inayotembea: sauti haitafaa, trafiki itakula siku yako, na bado unahitaji kibali cha kupiga filamu pamoja na ruhusa ya kaunti kwa barabara. Kodi gari kwa nusu usiku likiwa limeegeshwa kwenye uwanja wa mtu binafsi. Watu wawili walitikise polepole kwa kusukuma bampa, wengine wawili wapitishe taa nje ya madirisha kutoka mbele kwenda nyuma, na madirisha yapuliziwe maji kidogo. Kwenye skrini hakuna atakayejua halikusonga.

Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo weka shata kwenye 1/50 hata ukipiga fremu 24, la sivyo taa zitapepesa. Taa za rangi za nganya hupepesa kwa sababu nyingine, vidhibiti vyake vya mwanga. Zijaribu kwa kamera siku moja kabla, na zikikataa, badilisha kidhibiti au uziwashe kwa mwanga kamili. Picha za nje zipigwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa na nusu alasiri. Mchana jua letu liko utosini na macho ya waigizaji huwa mashimo meusi. Ratiba isiwe Aprili wala Novemba, mvua itaibomoa.

Kupeleka kazi

Tamasha unaloweza kulilenga kwa katuni fupi ni Annecy, Ufaransa, linalofanyika Juni, na karibu nasi kuna ZIFF ya Zanzibar na tuzo za Kalasha hapa nyumbani. Soma masharti kabla ya kuweka filamu YouTube, kwani baadhi ya matamasha hayachukui kilichokwisha kutoka. Manukuu ya Kiingereza yaandikwe na wewe mwenyewe pamoja na mfasiri, herufi zisizidi 42 kwa mstari, mistari miwili tu. Usiruhusu nukuu iweke kilele cha kichekesho kwenye skrini kabla mdomo haujakitamka: igawe mara mbili, neno la mwisho litokee kwenye fremu ileile ambayo sauti inalitaja. Wachekeshaji wengi wa Kiswahili wamepoteza vicheko vya ukumbi mzima kwa nukuu iliyotangulia nusu sekunde.

Kwa kumbi za sinema utaombwa DCP, yaani filamu iliyofungashwa kwa mashine za sinema. Programu ya bure DCP-o-matic inaitengeneza, na katuni yako tayari iko fremu 24. Sauti ya mtandaoni ilenge LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, ya televisheni LUFS 23 chini ya sifuri. Mwambie mchanganyaji akukabidhi njia tatu za sauti zilizotengana: maneno, muziki na vishindo. Kituo cha Kampala au Kigali kikitaka kuingiza sauti ya lugha yake, bila njia hizo tatu utalazimika kurudi kuanza kuchanganya upya.